Ladha Ikitoweka: Sonona Katika Historia ya Kanisa

Kiswahili kina neno la siku nyingi, kusonona, linalotajwa kwa moyo unaoumia bila kelele. Wataalamu wa afya wamelichukua neno hilo na kuuita ugonjwa sonona, nasi tunaona wamechagua vema. Huku kwetu Mbinga na Nyasa wengi bado wanasema tu "ana mawazo". Kwa kuwa hakuna asiye na mawazo, maneno hayo hayamshtui mtu, na mgonjwa anaachwa.

Mgonjwa huyo tunamfahamu sote. Ni mkulima wa Umatengo ambaye kahawa yake imekubali, chama cha msingi kimemlipa, naye ameziweka fedha ndani bila hata hamu ya kuzihesabu. Ni mvuvi wa Mbamba Bay au Lituhi anayeona taa za wenzake ziwani usiku wakifuata usipa, naye amegeukia ukutani. Akiletewa ugali na samaki anakula kwa sababu amewekewa, lakini ladha haisikii. Ni mama aliyeacha kwaya bila kugombana na mtu. Halii wala halalamiki, na ukimuuliza anajibu "nipo". Majirani wana majibu matatu: ni mvivu, amerogwa, au imani imempungukia. Mawili ya kwanza yana wenyewe. Hili la tatu linasemwa ndani ya usharika, tena na watu wema, kwa hiyo linatupasa kulichunguza, na njia nzuri ya kulichunguza ni kuuliza Kanisa lenyewe limepita wapi.

Habari hii inaanzia Afrika. Katika karne ya nne, jangwa la Misri lilijaa watu waliokwenda kuishi kwa sala na kazi za mikono. Mmoja wao, Evagrius, aliyefariki mwaka 399, aliandika juu ya hali waliyoiita akedia. Alieleza kwamba humjia mtawa karibu na mchana. Jua linaonekana limesimama, siku inakuwa kama ina saa 50. Mtawa anachungulia dirishani mara kwa mara, anaichukia kazi yake, anakichukia chumba chake, na anaanza kuamini kwamba upendo umekufa kati ya ndugu na hakuna wa kumfariji. Yeyote aliyewahi kukaa na mgonjwa wa sonona atayatambua maneno hayo, hasa hayo ya mwisho. Hatusemi akedia na sonona ni kitu kimoja kabisa, maana watawa wale walikuwa wanaeleza jaribu la maisha yao ya upweke, si kuandika kitabu cha tabibu. Lakini angalia Evagrius alivyoiweka: ni kitu kinachomshambulia mwamini. Hakusema ni ushahidi kwamba mtu huyo si mwamini.

Katika jangwa hilohilo yalihifadhiwa masimulizi ya Antonio Mkuu. Akiwa amelemewa na hali hiyo, alimwomba Mungu amwonyeshe afanye nini. Akaona mtu anayefanana naye ameketi anasuka kamba, kisha anasimama kuomba, kisha anaketi tena kusuka. Masimulizi yanasema alikuwa malaika. Tunalipenda jambo hili kwa sababu watu wa mwambao wanajua kusuka ni nini. Anayesuka mkeka au kushona wavu uliochanika hangoji afurahi ndipo aanze. Mkono unatangulia, na moyo ukipenda utafuata. Wataalamu wa leo wanaotibu sonona kwa mazungumzo hutumia njia inayokaribiana sana na hiyo: mgonjwa hupewa kazi ndogo inayowezekana, ya leo tu, bila kungojea hamu irudi kwanza.

Ilikuwaje basi tukafika kwenye "mvivu"? Karne zilizofuata, Kanisa la Magharibi lilipopanga orodha yake ya dhambi saba, akedia iliunganishwa kwanza na huzuni, na mwishowe ikaishia kuitwa uvivu. Neno lililoeleza mateso likawa neno la kushtaki.

Martin Luther aliyajua mateso hayo mwilini mwake. Mwaka 1527 alishikwa na ugonjwa na hofu kuu ya rohoni iliyomtesa kwa majuma mengi, wakati tauni ikiwa Wittenberg. Mwaka uliofuata binti yake mchanga, Elisabeth, akafa. Hakuyaficha. Mwaka 1530 alimwandikia Jerome Weller, kijana aliyekuwa akiwafundisha watoto nyumbani kwake na ambaye alikuwa amezama katika huzuni. Mtu angetarajia mhubiri mkubwa kama huyo amwagize kufunga na kuongeza sala. Luther alimwambia akimbie upweke, atafute watu, acheze, afanye mzaha, hata anywe zaidi kidogo. (Hilo la kunywa tuliache Wittenberg. Tumeona ulanzi na komoni vinavyomfanya mtu aliye katika hali hii: usiku unampa usingizi, asubuhi unamrudisha chini zaidi ya alipokuwa.) Mwaka 1534 alimwandikia mwana wa mfalme Joachim wa Anhalt, akimhimiza apande farasi, awinde, akae na wenzi wachangamfu, na asidhani kwamba furaha ya halali ni dhambi. Akakiri kwamba yeye mwenyewe alitumia miaka mingi katika majonzi, na sasa anaitafuta furaha popote inapopatikana.

Barua hizi zina uzito kwetu Walutheri, ingawa huku Mbinga na Nyasa sisi ni wachache kati ya ndugu zetu Wakatoliki na Waanglikana. Mwalimu wetu wa kuhesabiwa haki kwa imani hakumwambia mgonjwa aongeze imani. Kama wokovu ungetegemea mtu anavyojisikia asubuhi, Luther angekuwa wa kwanza kupotea.

Historia ya ziwa letu inasimuliwa zaidi kwa vifo vya kuonekana. Tunasoma kwamba Charles Janson alifariki mwaka 1882 muda mfupi baada ya kufika ziwani pamoja na William Percival Johnson, kwamba Askofu Chauncy Maples alizama mwaka 1895, kwamba Johnson alibaki mpaka alipofariki Liuli mwaka 1928. Kila tarehe 27 Februari Songea inakumbuka watu 67 walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906 wakati wa Maji Maji. Ni haki kuwakumbuka. Lakini aliyenyongwa alikuwa na mke au mama, na huyo aliamka kesho yake, na mwaka uliofuata, katika nchi yenye njaa, akatakiwa kupika. Siku hizo za kupika bila ladha hazina mnara.

Kanisa letu lilipata nafasi ya kuzihudumia siku za namna hiyo mapema, nalo halikuipoteza. Mwaka 1896, huko Lutindi katika milima ya Usambara, wamisionari wa Kilutheri walianzisha makao ya watoto waliookolewa utumwani. Utumwa watu wa Nyasa hawahitaji kuelezwa, maana njia kuu ya misafara ilitoka mwambao huu kwenda Kilwa. Mwaka 1904 Lutindi ilianza kupokea wagonjwa wa akili, na inahesabiwa kuwa hospitali ya kwanza ya aina hiyo Afrika Mashariki. Ile ya serikali ya Mirembe, Dodoma, ilifuata mwaka 1927. Mashemasi waliohudumu Lutindi walitoka Bethel, Ujerumani, chini ya Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh. Mtu huyu na mkewe walizika watoto wao wanne katika majuma mawili ya Januari 1869. Miaka mitatu baadaye alichukua uongozi wa nyumba ya wagonjwa wa kifafa iliyokuja kuwa Bethel, akaifanya kazi hiyo mpaka kifo chake mwaka 1910. Huko Bethel na Lutindi wagonjwa walipewa kitanda na sala, lakini pia walipewa kazi: bustani, shamba, karakana. Kamba ya Antonio tena.

Karibu na wakati wetu kuna jambo la Uganda. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, sehemu zilizoumizwa sana na UKIMWI, watafiti walianza kwa kuwauliza wanakijiji wanaiitaje hali hii kwa Kiganda. Majina yalikuwepo tayari: kujichukia, kujihurumia. Kisha wenyeji wasio madaktari walifundishwa kuongoza vikundi, wanawake na wanawake, wanaume na wanaume, mara moja kwa juma, kwa majuma 16. Mtu alieleza kilichomfika: msiba, ugomvi, mabadiliko ya maisha, upweke. Wenzake walimsaidia kutafuta hatua inayofuata. Waliohudhuria walipata nafuu kubwa kuliko wale wa vijiji ambavyo havikuwa na vikundi. Sisi tuna jumuiya zinazokutana kila juma nyumba kwa nyumba. Kinachokosekana mara nyingi ni nafasi ya mtu kusema jambo lake kabla ya matangazo ya michango.

Dawa nazo zisidharauliwe. Tangu miaka ya 1950 zipo dawa za sonona zinazofanya kazi, lakini huchukua majuma kadhaa kabla mgonjwa hajaona tofauti, na wengi huacha siku ya kumi wakisema hazifai. Tena si kila kupoteza ladha ni sonona tupu: upungufu wa damu, ugonjwa wa tezi, na miezi ya baada ya kujifungua vinaweza kuwa nyuma yake, ndiyo maana zahanati inatangulia mashauri mengine. Eliya, chini ya mretemu, aliomba afe. Katika 1 Wafalme 19, kabla hajaulizwa swali lolote, alipewa mkate na maji, akalala, akaamshwa, akapewa tena.

Ombi kama la Eliya linasikika pia Mbinga. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, kwa hiyo familia huficha, na mgonjwa hunyamaza akiogopa polisi pamoja na aibu. Kwa maoni yetu sheria hiyo inamwongezea mzigo mtu aliyekwisha kulemewa, na Kanisa lina haki ya kulisema hilo hadharani. Wakati huohuo, mtu akikutamkia kwamba heri afe, usimhubirie na usimwache peke yake usiku ule. Kaa naye, ondoa sumu ya dawa za kahawa ndani ya nyumba, na asubuhi fuatana naye mpaka kituo cha afya, hata kama ni kupanda kutoka ziwani hadi Mbinga mjini. Barabara ya lami sasa ipo.