Mtoto wa Mfalme Aliyesomeshwa Goa

Fungueni pamoja nami kitabu cha Kutoka, sura ya 2, kisha mtie alama katika Matendo ya Mitume, sura ya 7, penye hotuba ya Stefano.

Habari za Musa twazijua. Alilelewa katika nyumba ya Farao, akafundishwa elimu ya Wamisri. Lakini kabla ya elimu hiyo alinyonyeshwa na mama yake mzazi, tena kwa ujira uliotoka kwa binti Farao mwenyewe! Mkumbukeni mama huyo, maana tutamhitaji baadaye.

Siku hizi wako wazazi Wakristo wanaouliza kama ni vema kuwafundisha watoto wao nyumbani, kwa ile njia ya kale ya Kikristo. Swali hili liliingia nyumba nyingi mwezi wa Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, na meza ya chakula ikawa dawati. Njia yenyewe ina ngazi tatu. Mtoto mdogo hukariri na kujifunza sarufi. Akikua kidogo hufundishwa kuhoji na kupima hoja. Akiwa kijana hufundishwa kunena na kuandika kwa ufasaha. Ndivyo zilivyofundisha shule za Ulaya katika karne za kati, na mwaka 1947 mwandishi Mwingereza Dorothy Sayers alitoa hotuba kule Oxford akitaka zana hizo zirudishwe.

Mimi sina ugomvi na njia hiyo. Kiyunani nilikianza chuoni nikiwa mtu mzima, na ulimi ulikwisha kuwa mgumu. Angalikuwapo mtu wa kunikaririsha nikiwa na miaka minane, ningalimshukuru. Tena njia hii si ngeni Mombasa. Kiswahili chetu kina maneno nahau, mantiki na balagha, yaliyotoka katika Kiarabu, kwa kuwa wanavyuoni wa pwani walizisoma elimu hizo tangu zamani, mara nyingi nyumbani kwa mwalimu. Mmisionari Ludwig Krapf, aliyefika hapa mwaka 1844 na Kiyunani chake na Kiebrania chake, alikaa na Sheikh Ali bin Muhyiddin, kadhi, wakashughulika pamoja na kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Na mwaka 1858, huko upande wa Lamu, Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utendi mzima wa mafundisho. Mama mgonjwa, hana darasa wala ubao, akamfundisha mwanawe kwa mashairi.

Lakini kisiwa hiki kina habari nyingine, na hiyo ndiyo nataka mzazi aisikie kabla hajaagiza vitabu.

Mwaka 1614 mfalme wa Mombasa, Hassan bin Ahmad, alikosana na kapteni Mreno wa Fort Jesus, ngome ile iliyoanza kujengwa mwaka 1593. Alikimbilia bara, na huko akauawa kwa hila ya Wareno. Aliacha mtoto, Yusuf, wa miaka kama saba hivi. Wareno walimchukua wakamvusha bahari mpaka Goa, katika Bara Hindi, wakamtia mikononi mwa watawa wa Mtakatifu Agostino. Huko alifundishwa imani na elimu yao, akabatizwa, akaitwa Dom Jerónimo. Sisi twamjua zaidi kwa jina la Chingulia. Alioa mke Mkristo, na mwaka 1626 akarudishwa Mombasa kutawala. Mwaka 1627 alimpelekea Papa wa Rumi barua ya utii. Mwalimu gani asingejivuna na mwanafunzi wa namna hiyo?

Sasa sikilizeni. Kapteni wa ngome alimdharau na kumwonea. Taarifa za Wareno zasema kwamba Chingulia alionekana akisali penye kaburi la baba yake, kwa desturi ya Kiislamu, na kapteni alipopata habari akakusudia kumkamata na kumpeleka Goa akahukumiwe. Katikati ya Agosti 1631 mfalme aliingia ngomeni na watu wake, akamwua kapteni, Pedro Leitão de Gamboa. Akarudi katika dini ya baba yake na jina lake la Yusuf. Siku zilizofuata Wakristo wa mji, Wareno na Waafrika, waume kwa wake, wapatao 300, waliuawa. Mwaka uliofuata Yusuf aliiacha Mombasa, akawa mtu wa baharini, akafa mbali na kisiwa chake yapata mwaka 1638.

Ndugu msikilizaji, sisemi haya ili kuwasha moto kati yetu na jirani zetu Waislamu wa Mji wa Kale, tunaosalimiana nao kila siku. Nasema kwa sababu ya yule mtoto wa miaka saba. Mkono uliompa Injili ulikuwa mkono wa watu waliomwua baba yake. Miaka ya watawa ilikuwa mingi kuliko miaka ya nyumbani, hata hivyo alipodhulumiwa miguu yake ilimpeleka kaburini kwa baba. Musa naye, baada ya elimu yote ya Misri, aliwaendea ndugu zake, wana wa Israeli. Mama yake alikuwa naye muda mfupi tu, lakini muda huo haukufutika.

Labda mtu atauliza, je, mtoto asiye na nyumba? Mwaka 1864 walikuja Rabai kina William Jones na Ishmael Semler, waliotekwa utumwani wakiwa watoto, wakaokolewa baharini, wakasomeshwa Nasik kule Bara Hindi vitabu na kazi za mikono. Jones alikuwa mhunzi. Hao walisimama, wakawa walimu na wachungaji wetu. Lakini waliowafundisha walikuwa wamepokea watoto waliofunguliwa minyororo. Hawakuwa wao waliowafunga. Mtoto hulipima somo kwa mkono unaomfundisha.

Kwa hiyo, mama wa Tononoka na baba wa Majengo, ukiniuliza kuhusu kufundisha nyumbani, nitakuuliza kwanza juu ya nyumba yako. Mtoto atakaririshwa saa mbili asubuhi habari za upole wa Kristo; saa moja jioni atamsikia baba akisema na mama, na mama akisema na msichana wa kazi. Lipi atalikariri? Pia iko Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, inayomtaka mzazi ampeleke mtoto shuleni na kuweka adhabu kwa asiyefanya hivyo; usianze pasipo shauri la wanaoijua sheria. Na wewe ambaye mtoto wako ataendelea kwenda shuleni, jioni na Jumamosi bado ni zako. Anza juma hili na zaburi moja, mkiikariri pamoja, wewe pia bila kitabu.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyemrudisha Musa mikononi mwa mama yake, uwaangalie wazazi wanaosikia usiku huu na hawajui la kuamua. Uwape saa moja ya utulivu na watoto wao kesho. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.