Radio ya Goti na Mionzi: Woga Wetu Umetoka Wapi?

Wandugu, wengi wetu hatujafika miaka 30, lakini magoti na kiuno vinauma kama vya mzee. Jembe, mpira, baiskeli ya kubeba makala, kila mtu na chanzo chake. Munganga akisema "uende upige radio", maneno yanaanza: mionzi inaharibu damu, inaua uzazi, inaleta kansa. Kwetu Mulongo nimesikia hayo tangu utoto. Alafu kuko wengine wanaoona kwamba munganga asiyetuma mtu kwa radio hajui kazi. Mimi ni mtu wa agronomia, si wa dawa, ila historia ya jambo hili nimeisoma, na sehemu yake moja imetoka katika udongo wa Katanga yetu.

Mwaka wa 1895, kule Ujerumani, Wilhelm Röntgen aligundua mionzi X, akapiga picha ya mkono wa mke wake: mifupa na pete. Mwaka wa 1898 Marie na Pierre Curie wakagundua radiumu. Watu walishangilia mpaka wakasahau kuuliza kipimo. Clarence Dally, fundi wa Thomas Edison, alikuwa akijaribu mashine kwa mikono yake mwenyewe. Alikatwa mikono, akafa kwa kansa mwaka wa 1904.

Sasa tuje kwetu. Mwaka wa 1915 Robert Sharp alikuta uraniumu Shinkolobwe, karibu na Likasi. Kuanzia 1922 Union Minière ilikuwa ikitoa radiumu ya madini hayo katika kiwanda cha Olen, Ubelgiji. Mawe yetu yalikuwa tajiri mno, hata wachimbaji wa Marekani walishindwa kushindana. Radiumu ilisaidia kutibu kansa, hiyo ni kweli. Lakini Marekani ilitiwa pia ndani ya maji ya kunywa, ikauzwa kama dawa ya viungo na uchovu. Tajiri Eben Byers aliumia mkono mwaka wa 1927, akaanza kunywa maji hayo yaliyoitwa Radithor, chupa zaidi ya elfu moja. Mifupa ya taya ikaoza. Alikufa mwaka wa 1932.

Kisa kinachotuhusu zaidi ni cha Uingereza. Kuna ugonjwa unaokaza uti wa mgongo, spondilariti, ambao mara nyingi unaanza ujanani. Kwa miaka mingi waganga waliwachoma wagonjwa hao mionzi X mgongoni, si kwa kupiga picha bali kwa kutibu. Na maumivu yalipungua kweli! Njo maana waliendelea. Kisha watafiti wawili, Court Brown na Richard Doll, wakafuatilia wagonjwa zaidi ya 13,000 waliotibiwa kati ya 1935 na 1954. Ripoti yao ya 1957 ilionyesha kwamba kansa ya damu iliwaua karibu mara kumi kuliko ilivyotegemewa.

Kumbe wanaosema "mionzi inaharibu damu" hawakuota ndoto. Ila tuangalie kipimo. Uboho wa wagonjwa wale ulipokea, kwa wastani, kama milisiveti 4,000. Radio ya kiuno ni kama milisiveti 1.5. Radio ya goti ni kama 0.005, yani chini ya ile tunayopokea kwa siku moja kutoka ardhini, angani na katika chakula, maana hiyo ya asili inafika kama 2.4 kwa mwaka. Sisi ba-agronome tunaelewa: mbolea kiganja kimoja na gunia zima juu ya shina moja la mahindi si jambo moja. Skana ya tumbo na nyonga ndiyo ya kufikiria vizuri, inaweza kufika 10.

Kwa hiyo kijana mwenye SS ambaye nyonga inamuuma miezi mingi, akikataa radio kwa kuogopa kansa, anajiumiza: kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuwa kinakufa, naye anakunywa tu vidonge. Lakini yule aliyeamka na kiuno kinauma baada ya kulima, bila homa, bila kuanguka, bila ganzi miguuni, mara nyingi radio haitabadilisha kitu. Wiki chache zinatosha kupona. Goti likijaa maji, ekografia inaweza kuyaonyesha, na haina mionzi kabisa. IRM vilevile haina.

Dada zetu, kama kuna mimba au unaidhania, sema kabla ya kulala juu ya meza. Muulize munganga bila haya: "Docta, picha hii itabadilisha nini katika matibabu yangu?" Na ukihamishwa kwenda Kamina ao Lubumbashi, beba klishe ya zamani pamoja na karatasi yake, wasikupige nyingine bure, maana hata franga zako zinahesabiwa.