Vipande vya Gazeti na Daftari la Unyanyembe

Mwaka 1871, akiwa Nyangwe kando ya mto Lualaba, David Livingstone aliishiwa karatasi. Akachukua gazeti kuukuu la The Standard la London, akaandika juu ya maandishi yaliyokwisha chapwa, kwa wino aliojitengenezea kutokana na mmea. Humo ndimo alimoandika mauaji ya sokoni ya tarehe 15 Julai, siku ileile yakiwa mabichi machoni pake.

Baadaye alinakili habari hizo kwenye daftari kubwa, lile ambalo wanahistoria wamelipa jina la Unyanyembe. Stanley alipoagana naye tarehe 14 Machi 1872 na kuondoka Kwihara, nje kidogo ya Tabora, alilibeba likiwa limepigwa lakiri. Kutoka daftari hilo Waingereza walisoma kitabu mwaka 1874. Vipande vya gazeti vilififia hadi havisomeki, mpaka wataalamu walipovipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali na kuvitoa hadharani mwaka 2011. Wakalinganisha. Ubaya wa watu aliotumiwa kutoka Zanzibar, uliosimuliwa waziwazi gazetini, daftarini umepunguzwa. Kwenye gazeti alijiandikia mwenyewe. Kwenye daftari, Uingereza nzima ilikuwa imekaa mbele yake.

Sisemi alidanganya. Ila mkono uliojua utasomwa uliandika vingine.

Nina sababu ya kulifikiria hili. Nje ya tasnifu yangu ya uzamili naandika kwa kujifurahisha juu ya njia ya misafara, na marafiki wananihimiza niyatoe maandishi watu wayasome. Mengi hayana neno: tembe, maembe, wapagazi wa Kinyamwezi na mizigo ya pembe. Lakini zipo kurasa saba nilizoandika usiku mmoja, baada ya bibi kunitajia ni nani katika ukoo wetu alifika Tabora akiwa amenunuliwa, na ni nani aliyemnunua. Wajukuu wa wote wawili hukaa mkeka mmoja kwenye misiba yetu.

Kuzificha nako kuna gharama yake. Jacob Wainwright, kijana aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa Nasik, India, ndiye aliyesoma sala Livingstone alipofariki kwa Chitambo mwaka 1873. Aliandika shajara ya safari ya kuubeba mwili, uliopita Unyanyembe hadi Bagamoyo. Mwaka 1874 ilitoka kwa Kijerumani. Kiingereza alichoandika mwenyewe kiliwekwa mtandaoni mwaka 2019. Yeye alikwisha kufa Urambo mwaka 1892. Muda wote huo safari ile ilisimuliwa zaidi kwa vinywa vya wengine, ilhali mpagazi mwenye kalamu alikuwepo.

Kwa hiyo nimeamua kuyatoa, tembe na maembe kwanza. Zile kurasa saba sitazinakili upya kwa ajili ya wasomaji, maana najua nitakachofanya: nitamlainisha aliyenunua, kwa kuwa jina lake ndilo ninalolitumia mimi. Zitatoka zilivyo au hazitatoka, na neno hilo si langu peke yangu. Bibi amekwisha ridhia. Amebaki mama mkubwa, wa upande wa aliyenunuliwa. Nimempigia, amesema niende Jumamosi, nimsomee yote, na nisirukeruke.