Msikiti wa Makuti: Historia Fupi ya Msikiti wa Mtume, Madina

Mwaka 622, ngamia wa Mtume Muhammad (S.A.W.), aliyeitwa Qaswa, alipiga magoti kwenye kiwanja cha kuanikia tende mjini Yathrib, mji ambao baadaye uliitwa Madina. Kiwanja kile kilikuwa mali ya mayatima wawili wa ukoo wa Banu Najjar, Sahl na Suhayl. Wenyewe walitaka kukitoa bure kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, lakini Mtume hakukubali mpaka kilipwe. Mali ya yatima haichukuliwi hivi hivi, hata kwa kujenga nyumba ya ibada. Naona anayesimulia historia ya Msikiti huu hana budi aanzie kwenye malipo hayo, kabla ya kufika kwenye marumaru na kuba la kijani.

Dini yenyewe ilikuwa na umri wa miaka 12 hivi. Wahyi ulianza kushuka mwaka 610, katika pango la Hira nje ya Makka, na uliyoyaleta yaliwachoma wakuu wa Makureshi, kabila lililoutawala mji huo: Mungu ni mmoja tu na hana mshirika, wafu watafufuliwa na kila mtu ataulizwa aliyoyatenda, na maskini ana haki katika mali ya tajiri. Walioamini waliteswa. Bilal, mtumwa mwenye asili ya Uhabeshi, alilazwa juu ya mchanga wa moto, akawekewa jiwe zito kifuani, naye akawa anatamka neno lile lile: Mmoja, Mmoja. Makka hawakuwa na msikiti wao. Walisali kwa kujificha, na wengine walivuka bahari kwenda kuomba hifadhi kwa Mfalme wa Uhabeshi.

Walipohamia Madina wakajenga. Mtume mwenyewe alibeba matofali pamoja na Muhajirina, waliohama Makka, na Ansari, wenyeji waliowapokea. Msingi ulikuwa wa mawe, kuta za matofali mabichi, nguzo za magogo ya mitende, na juu wakaezeka makuti. Mtu wa pwani yetu haijui nyumba ya namna hiyo kwa kusimuliwa. Upana wake ulikuwa kama meta 30 na urefu 35. Mvua iliponyesha paa lilivuja, na asubuhi moja ya Ramadhani Masahaba waliona alama ya tope kwenye paji la uso la Mtume baada ya sijida.

Humo ndimo ibada nyingi za Uislamu zilipopata sura tunayoijua. Waumini walishauriana namna ya kuitana kwenye swala. Wengine walitaja kengele, wengine baragumu. Abdallah bin Zayd akaota maneno ya adhana, na Mtume akamwamuru amfundishe Bilal kwa sababu sauti yake ilikuwa na nguvu zaidi. Aliyekuwa akinunuliwa na kuuzwa Makka sasa ndiye aliyeuita mji mzima kusimama mbele ya Mola wake. Katika mwaka wa pili wa Hijra, yaani tangu kuhama huko, ilifaradhishwa saumu ya Ramadhani.

Mwaka huo huo kibla kikabadilika. Kwa miezi 16 au 17 waumini walikuwa wameelekea Baitul Muqaddas (Yerusalemu), upande wa kaskazini. Amri iliposhuka wakageukia Al-Kaaba, kusini. Ukuta wa mbele ukawa wa nyuma, na kivuli chake wakapewa wasio na kwao. Pakaitwa Suffa. Walioishi hapo hawakuwa na mali wala jamaa. Walikula walicholetewa na Mtume na Masahaba, na walishinda wakijifunza. Abu Huraira, aliyepokea hadithi nyingi kuliko Sahaba yeyote, alikuwa mmoja wao. Kwangu mimi Suffa ndiyo tafsiri bora ya zaka: mwenye njaa hakungojea mlangoni, alilala ndani ya msikiti.

Msikitini alikuwamo pia mwanamke mweusi aliyekuwa akiufagia. Alipofariki wakamzika bila kumwarifu Mtume, kana kwamba jambo lenyewe ni dogo. Mtume alipojua, aliuliza lilipo kaburi lake, akaenda kumsalia.

Umar bin Al-Khattab, mmoja wa Masahaba, amesimulia kwamba siku moja, walipokuwa wameketi na Mtume, alitokea mtu asiyejulikana, nguo nyeupe pe na nywele nyeusi, akakaa magoti yake yakigusana na ya Mtume. Aliuliza Uislamu ni nini, akajibiwa kwa nguzo tano: shahada, swala, zaka, saumu na hija kwa mwenye uwezo. Akauliza imani ni nini, akajibiwa: kumwamini Mwenyezi Mungu, Malaika wake, Vitabu vyake, Mitume wake, Siku ya Mwisho, na kadari, kheri yake na shari yake. Akauliza na ihsani, akaambiwa ni kumwabudu Mungu kama unayemwona. Alipoondoka, Mtume aliwaambia kuwa huyo ni Jibril, amekuja kuwafundisha dini yao.

Mtume alifariki mwaka 632, akazikwa chumbani mwa mkewe, Bibi Aisha, ubavuni mwa msikiti. Khalifa Umar aliupanua. Khalifa Uthman akaweka mawe mahali pa udongo. Mwaka 707 Khalifa al-Walid aliamuru vyumba vya wake wa Mtume vivunjwe ili nafasi ipatikane, na imepokewa kwamba watu wa Madina walilia. Mwanachuoni Said bin al-Musayyib alitamani viachwe, vizazi vijavyo vione Mtume aliridhika na kiasi gani. Moto uliunguza msikiti mwaka 1256, na tena 1481. Kuba lililo juu ya kaburi la Mtume lilipakwa rangi ya kijani mwaka 1837. Upanuzi mkubwa wa utawala wa Saudia ulianza 1951.

Masomo yaliyoanzia Suffa hayakukatika. Imamu Malik, aliyefariki mwaka 795, alifundisha katika msikiti huu, na Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyofika pwani yetu, alikuja Madina akiwa kijana kusoma kwake. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, aliwakuta watu wake wakifuata madhehebu ya Shafi, na ndiyo yanayosomeshwa hadi leo katika vyuo vya Lamu, Mombasa, Unguja na Ngazija.