Data si taarifa: Sensa yatufunza tofauti

AGHALABU maneno data na taarifa hutumiwa kana kwamba ni pacha. Katika taaluma ya tarakilishi, hata hivyo, kila moja lina maana yake, na anayeyachanganya huenda akafanya uamuzi wa kujutia.

Data ni malighafi: nambari, herufi, picha au sauti zilizonakiliwa kabla ya kufasiriwa. Taarifa ni data iliyochambuliwa, ikapangwa na kuwekwa katika muktadha hadi ikajibu swali la mtu. Nambari 34 ikiwa peke yake haisemi lolote; yaweza kuwa umri, idadi ya mbuzi au kiwango cha joto.

Tuchukue mfano wa sensa ya Kenya ya Agosti 2019. Makarani walipita nyumba hadi nyumba wakiwa na vishikwambi badala ya karatasi. Kila jibu walilonakili, liwe la umri au jinsia, lilikuwa data. Baada ya majibu hayo kujumlishwa, Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) lilitangaza kuwa nchi ilikuwa na watu 47,564,296 katika kaya 12,143,913.

Kwa msomaji wa gazeti, hiyo ilikuwa taarifa tosha. Kwa mpangaji wa makao, ilikuwa bado malighafi. Alipogawanya idadi ya watu kwa ile ya kaya, alipata wastani wa watu 3.9 kwa kila kaya, ilhali mwaka wa 2009 wastani ulikuwa mkubwa zaidi. Hapo ndipo alipong'amua kuwa kaya zinapungua ukubwa, na kwamba watu wale wale sasa wanahitaji nyumba nyingi zaidi. Kumbe taarifa ya mmoja yaweza kuwa data ya mwingine.

Lakini tarakilishi hujumlisha inachopewa. Haijui kweli wala uongo. Mnamo Agosti 2010, aliyekuwa Waziri wa Mipango, Bw Wycliffe Oparanya, alifutilia mbali matokeo ya sensa ya 2009 katika wilaya 8 za kaskazini mwa nchi. Serikali ilidai kuwa ongezeko la watu huko halikuwiana na viwango vya uzazi na vifo. Hatua hiyo ilipingwa mahakamani. Shaka hiyo haikuzuliwa na mashine, bali na ulinganishaji uliofanywa na binadamu.

Mzozo huo haukuwa wa maneno matupu. Idadi ya watu ni miongoni mwa vigezo vya kugawa fedha kwa kaunti 47 na kuweka mipaka ya maeneobunge. Data ikipotoka, au ikikataliwa bila sababu, kuna zahanati itakayokosa dawa.

Kwa hivyo, ukipewa nambari yoyote, uliza: imehesabu nini, lini, wapi, na inalinganishwa na nini? Isipojibu maswali hayo, ingali data tu.