Vibarua wageni na kodi ya nyumba: suala la Kismayo

Mradi mkubwa ukifika katika mji mdogo, wafanyakazi wa muda hulazwa kambini au hupanga vyumba mjini. Kambi huunyima mji mapato. Upangaji hupandisha kodi, na anayeumia kwanza ni mpangaji wa zamani. Wabajuni wa Lamu wanaujua ujio huo: gati la kwanza la bandari yao mpya, iliyojengwa na kampuni ya China, lilifunguliwa Mei 20, 2021.

Kismayo, penye bandari iliyojengwa kwa msaada wa Marekani miaka ya 1960, hali ni nzito zaidi. Vita vya 1991 viliwakimbiza Wabajuni wengi hadi Kenya, na baadhi ya nyumba zao zikakaliwa na wengine. Ujenzi mkubwa ukianza huko, kodi ya vyumba hivyo itapokelewa na aliyemo ndani, si lazima mwenye nyumba.