Shahidi Aliyechaguliwa: Nukuu za Fasihi katika Kamusi ya Samuel Johnson

Kamusi ya Samuel Johnson, iliyotoka London mwaka 1755, husifiwa mara nyingi kana kwamba ndiyo iliyobuni desturi ya kuthibitisha maana kwa maneno ya waandishi. Sifa hiyo si yake. Accademia della Crusca ya Italia ilikwisha kufanya hivyo mwaka 1612, ikiwategemea Dante, Petrarca na Boccaccio. Kipya alichowaletea Waingereza ni mpangilio wa kazi: nukuu ilitangulia, fasili ikafuata.

Orodha ya Robert Cawdrey ya mwaka 1604 iliyapa maneno magumu maelezo mafupi tu, na msomaji alipaswa kuamini alichoambiwa. Johnson alianza na vitabu. Alisoma kalamu ya risasi mkononi, akapigia mstari neno alilolitaka na kuandika herufi yake ya kwanza pembeni mwa ukurasa. Kisha makarani wake sita, watano wao Waskoti, walinakili sentensi hizo katika chumba cha juu cha nyumba yake ya Gough Square. (Vitabu vingi vilikuwa vya kuazima, na baadhi ya wenyewe hawakufurahi walivyorudishiwa.) Zilikusanywa nukuu zaidi ya 110,000 kwa vidahizo 42,000 hivi.

Manufaa ya utaratibu huo yanaonekana zaidi katika maneno mepesi. Kitenzi *take* kimepewa maana 134. Hakuna mtu awezaye kukaa mezani akazifikiria maana zote hizo. Huonekana pale tu sentensi zinapowekwa sambamba na tofauti ndogondogo kuanza kujitokeza. Kwa sababu hiyo naona Noah Webster wa Marekani alikosea alipolalamika kwamba nukuu hizo zinaongeza tu unene wa kitabu, na kwamba maneno yanayojulikana na kila mtu hayahitaji ushahidi. Neno linalojulikana na kila mtu ndilo linalomsumbua zaidi mtunzi wa kamusi.

Lakini ushahidi huu haukuletwa na upepo. Johnson aliwapendelea waandishi wa tangu enzi za mshairi Sidney, akawapa nafasi kubwa Shakespeare, Milton, Dryden, Biblia na wanateolojia kama Hooker. Thomas Hobbes, mmoja wa mabingwa wa nathari wa karne ya 17, Johnson alimkwepa kwa kuwa hakupendezwa na itikadi zake. Lugha ya wafanyabiashara aliihesabu kuwa ya kupita, isiyostahili kuhifadhiwa. Tena alizikata nukuu ili zienee, na katika dibaji yake anakiri kwamba mkato wa haraka huenda ukapotosha nia ya sentensi. Aliyefungua kamusi hiyo kutafuta maana alipewa pamoja nayo elimu ya dini na maadili bila kuiomba. Sioni kosa katika kufundisha. Kosa ni letu tunapochukua mafundisho hayo kuwa picha kamili ya Kiingereza cha karne ya 18.

Kamusi ya Oxford, iliyoanzia katika mijadala ya Philological Society mwaka 1857 na kukamilika mwaka 1928, ilikusudia kuondoa upendeleo huo. Wasomaji wa kujitolea waliombwa wapekue vitabu vya kila namna, na nukuu zilizochapishwa zikafikia takriban milioni 1.8. Hata hivyo, aliyenukuliwa kuliko wote ni Shakespeare, mara 33,000 hivi, kwa kuwa kazi zake zilipekuliwa neno kwa neno huku maandishi mengi ya watu wa kawaida, yakiwemo ya wanawake, yakiguswa kidogo tu. Ndiyo maana maneno kadhaa yaliyodhaniwa kwa muda mrefu kuwa ya kwanza kutumiwa naye yamekuja kupatikana katika maandishi ya kabla yake. Tarehe ya kwanza katika kamusi ya aina hii inatueleza lini neno lilionwa na msomaji wa kamusi. Lini lilizaliwa ni swali jingine, na linahitaji ushahidi wake.